Nina kisukari na mume wangu alipata kiharusi: je, tunaweza kukata bima ya matunzo ya uzeeni?

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 60, mzaliwa wa Moshi, na kwa miaka 22 sasa ninaishi na mume wangu mjini Kent, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Tulipata uraia wa huku mwaka 2016. Ninafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee, kazi ambayo najua wasomaji wako wengi walioko huku wanaifanya au wamewahi kuifanya. Kila siku ninawaogesha, ninawavisha na kuwalisha wazazi wa watu wengine, na ndiyo maana swali hili halinitoki kichwani: siku yangu ikifika, nani atanifanyia mimi hayo, na nani atamlipa?

Nina kisukari cha aina ya pili tangu mwaka 2014. Sijichomi insulini, ninatumia vidonge vya metformin pamoja na kidonge kimoja cha presha. Kipimo changu cha mwisho cha A1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kilikuwa 7.2, na daktari anasema macho na figo ni salama. Mume wangu ana miaka 64. Mwaka 2019 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto, na tangu hapo hajafanya kazi. Haogi peke yake, havai bila msaada, na asubuhi haondoki kitandani mpaka nimshike. Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa serikali, inamlipa dola 1,200 kwa mwezi kwa ajili ya ulemavu, na mshahara wangu ni dola 46,000 kwa mwaka. Tuna nyumba ambayo bado tunailipia mkopo, na akiba ya dola 41,000.

Mwaka 2024 mume wangu alianguka bafuni. Alilazwa hospitalini siku nne, kisha akapelekwa kwenye makao ya uuguzi kufanyishwa mazoezi ya viungo kwa siku 26. Nilidhani Medicare, bima ya serikali ya matibabu kwa wazee na walemavu, ingelipa zote. Ikaja bili ya dola 1,224 kwa siku sita za mwisho, na mhasibu wa pale akanieleza kwamba laiti angekaa zaidi ya siku mia moja, tungelipa kila kitu kutoka mfukoni. Tangu siku hiyo sina usingizi.

Rafiki yangu wa kanisani aliniletea wakala wa bima ya matunzo ya muda mrefu. Wakala alisema kwa mume wangu haiwezekani, lakini mimi ninaweza kuipata kwa dola 312 kwa mwezi. Nilipomtajia kisukari, alinishauri nisikiandike kwenye fomu kwa kuwa cha vidonge hakihesabiki, na kwamba miaka miwili ikipita kampuni haina haki ya kuuliza tena. Rafiki yangu naye anasema tangu sheria ya Obama hakuna bima inayoruhusiwa kumkataa mgonjwa. Mwanangu wa kiume anataka tumwandikishie yeye nyumba kabla serikali haijaichukua. Na ndugu zangu wa Moshi wanasema yote haya ni kujisumbua bure, turudi nyumbani tutunzwe na watoto wa dada zangu.

Fomu iko mezani. Wakala anarudi wiki ijayo kuchukua saini. Naomba unishauri.

Mama wa Kent

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Usitie saini fomu hiyo ikiwa kisukari hakijaandikwa ndani yake. Hilo nalitanguliza kwa sababu umesema wakala anarudi wiki ijayo, na mengine yote yanaweza kusubiri. Nami nilifanya kazi kama yako kwa miaka kumi na moja kabla mgongo haujanikataza, kwa hiyo naijua hofu unayoizungumzia, na najua pia jinsi hofu hiyo inavyomfanya mtu atie saini karatasi ambayo kwa siku nyingine asingeigusa.

Nianze na rafiki yako, kwa kuwa kosa lake ni la watu wengi. Ni kweli kwamba sheria ya afya ya mwaka 2010 iliwazuia wenye kampuni za bima ya matibabu, kuanzia mwaka 2014, kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao kabla. Lakini katazo hilo linahusu bima ya matibabu, ile inayolipa daktari, hospitali na dawa. Bima inayolipa mtu wa kukuogesha na kukuvisha haimo. Ndani ya sheria hiyohiyo palikuwa na mpango ulioitwa CLASS, uliopiganiwa na Seneta Ted Kennedy, ambao ungempa kila mfanyakazi nafasi ya kuchangia bima ya matunzo bila kuulizwa habari za afya yake. Mwezi Oktoba 2011 serikali ilitangaza kwamba haikuona namna ya kuuendesha bila kufilisika, na Januari 2013 Bunge likaufuta. Mlango ambao rafiki yako anadhani uko wazi ulifungwa kabla hata haujatumika, na hadi leo kampuni binafsi ya bima ya matunzo inaruhusiwa kukupima, kukukataa au kukutoza zaidi kwa sababu ya afya yako.

Sasa wakala. Alichokuambia kuhusu miaka miwili kina chembe ya ukweli iliyofunikwa na hatari kubwa. Sheria ya mfano iliyotungwa na wakuu wa bima wa majimbo, ambayo majimbo mengi yameifuata, inasema hivi: katika miezi sita ya kwanza kampuni inaweza kuufuta mkataba kwa taarifa yoyote nzito isiyo ya kweli; kati ya miezi sita na miaka miwili, taarifa hiyo lazima iwe nzito na pia ihusiane na ugonjwa unaodaiwa; baada ya miaka miwili mkataba hauguswi tena, isipokuwa ikithibitika kwamba mwenye bima alidanganya kwa kujua na kwa makusudi kuhusu afya yake. Angalia maneno hayo ya mwisho. Mtu anayemeza metformin kila asubuhi tangu mwaka 2014, kisha akaweka alama ya hapana penye swali la kisukari, hawezi kusema kwamba alisahau. Kinga ya miaka miwili iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea kwa nia njema, na wewe hutakuwa mtu huyo.

Tena usidhani kwamba hawataona. Kampuni hizi huomba kumbukumbu za daktari wako, huangalia rekodi za dawa ulizonunua kwenye maduka ya dawa, na humpigia simu mwombaji kumhoji, pamoja na kumpa maneno kadhaa ayakumbuke baada ya dakika chache ili kupima akili. Uwongo ukigunduliwa mapema, utakataliwa, na fomu nyingi za kampuni nyingine zitakuuliza kama umewahi kukataliwa. Lakini ninachokuogopea zaidi ni usipogunduliwa mapema. Bima ya namna hii hudaiwa miaka kumi na tano au ishirini baada ya kukatwa. Fikiria una miaka 78, umelipa ada kila mwezi bila kukosa, miguu imekufa ganzi kwa kisukari kilekile, binti yako anajaza fomu ya kudai mafao, na ndipo mtu wa kampuni anafungua faili la zamani na kulisoma kwa makini kwa mara ya kwanza. Hata wakikurudishia ada zako, hakuna kampuni itakayokuuzia bima nyingine katika umri huo. Wakala atakuwa amekwisha kula kamisheni yake siku nyingi, na saini iliyo chini ya fomu itakuwa yako. Soma karibu na mahali pa kutia saini: sheria hiyo ya mfano inaitaka kampuni ichapishe onyo kwamba majibu yasiyo ya kweli yanaweza kukunyima mafao au kufuta mkataba. Wakala anayekushauri ulipuuze onyo hilo ashitakiwe kwa Kamishna wa Bima wa jimbo lenu, na sioni kwamba ni ukatili kufanya hivyo, maana kesho ataingia kwenye nyumba ya Mswahili mwingine ambaye hakuandika barua.

Kinachonisikitisha ni kwamba huenda hakukuwa na haja ya kuficha. Kisukari cha aina ya pili hakimfungii mtu mlango moja kwa moja. Wanaokataliwa karibu kila mahali ni wale wenye ugonjwa wa kusahau, ugonjwa wa Parkinson, na wale ambao tayari wanahitaji kuoga au kuvaa kwa msaada. Kwa mwenye kisukari, kampuni huangalia ameugua muda gani, anatumia insulini au la, A1c yake imetulia kiasi gani, na zaidi ya yote kama ugonjwa umeshagusa macho, figo, mishipa ya fahamu au moyo. Kisukari kikikutana na kiharusi au ugonjwa wa moyo kwa mtu mmoja, jibu kwa kawaida ni hapana. Wewe unatumia vidonge, kipimo chako ni 7.2, na macho na figo ni salama. Zipo kampuni zitakazokukataa na zipo zitakazokukubali kwa ada ya juu zaidi, kwa kuwa kila moja ina kitabu chake cha masharti.

Kwa sababu hiyo, ikiwa utaendelea na bima binafsi, usimtumie wakala anayeuza kwa niaba ya kampuni moja tu. Tafuta dalali wa bima anayefanya kazi na kampuni kadhaa, naye aziulize kwanza bila kutaja jina lako: mwanamke wa miaka 60, kisukari tangu 2014, dawa hizi, vipimo hivi, je, mtampokea na kwa daraja gani? Kabla ya hapo, omba kwa daktari nakala ya kumbukumbu zako uzisome mwenyewe, kwa maana nimewahi kuona faili lililoandikwa ganzi ya miguu ambayo mgonjwa hakuwa nayo, na neno moja kama hilo linatosha kukuangusha. Kama kuna kipimo ulichoagizwa ambacho hujakifanya, kikamilishe, kwa sababu kampuni huahirisha maombi ya mtu anayesubiri majibu.

Ukishapokelewa, habari ya ugonjwa wa awali inakuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya sheria ile ya mfano, kampuni haiwezi kukunyima mafao kwa sababu ya ugonjwa uliotibiwa kabla ya mkataba kwa zaidi ya miezi sita tangu mkataba uanze, na haiwezi kukufuta baadaye eti kwa kuwa umezidiwa. Kazi iko mlangoni. Ndani, adui ni mwingine: ada. Kampuni haiwezi kukupandishia wewe peke yako kwa sababu ya ugonjwa wako, lakini inaweza, kwa idhini ya jimbo, kuwapandishia wote wenye mkataba wa aina yako. Wengi waliokata bima hizi miaka ya tisini na elfu mbili walikuja kupandishiwa ada mara kwa mara, kwa kuwa kampuni zilipiga hesabu vibaya zikidhani watu wengi wangeacha mikataba yao, nao hawakuacha. Kampuni moja kubwa ya Pennsylvania, Penn Treaty, iliamriwa na mahakama kufungwa mwaka 2017.

Tupige basi hesabu ya kwako. Miongozo ya hao wakuu wa bima inasema kwamba ikiwa ada itazidi asilimia 7 ya kipato, huenda huimudu. Kipato chenu nyote wawili ni dola 60,400 kwa mwaka, na asilimia 7 yake ni dola 4,228. Dola 312 kwa mwezi ni 3,744 kwa mwaka, kwa hiyo inaonekana kupita. Lakini hiyo ni bei ya mtu asiye na kisukari. Ikiongezwa robo kwa sababu ya ugonjwa, inakuwa dola 4,680, nayo imeshavuka mpaka, kabla hata ya kupandishwa kwa mara ya kwanza. Na mshahara utakapokoma, ada haitakoma. Mtu anayelipa miaka kumi na mbili kisha akashindwa anaweza kuondoka na kidogo sana au bila kitu. Kwa kweli, mdogo wangu, kwa kipato hicho na akiba hiyo, sioni kwamba bima binafsi ya kawaida inakufaa, hata ukiipata kihalali.

Kuna jambo ambalo hukulitaja kabisa katika barua yako, nami nilishangaa, kwa kuwa unalilipia. Chukua hati yako ya mshahara utazame makato. Tangu tarehe 1 Julai 2023, wafanyakazi wa jimbo la Washington hukatwa asilimia 0.58 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa WA Cares, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa mshahara wako hizo ni takriban dola 267 kwa mwaka. Mfuko huo hauulizi kisukari, hauulizi presha, haukupimi damu wala kumbukumbu. Ni kile ambacho CLASS ilikusudiwa kuwa kwa taifa zima, isipokuwa hapa mchango ni wa lazima, na ulazima huo ndio unaouwezesha kumpokea mgonjwa na mzima kwa masharti yaleyale. Mwezi Novemba 2024 wapiga kura wa Washington waliulizwa kama wanataka uwe wa hiari, wakakataa.

Sheria imepanga mafao yaanze tarehe 1 Julai 2026, kwa kiwango cha juu cha dola 36,500 kwa maisha yote ya mtu, kinachorekebishwa kwa mfumuko wa bei. Njia ya kawaida ya kustahili mafao yote ni kuchangia miaka kumi. Ipo njia ya pili kwa anayepata shida angali kazini: awe amechangia angalau miaka mitatu kati ya sita iliyotangulia ombi lake. Na kwenu ninyi mliozaliwa kabla ya mwaka 1968, ambao mtastaafu kabla ya kutimiza kumi, kila mwaka mnaofanya kazi angalau saa 500 unawapa asilimia 10 ya mafao, yaani dola 3,650 kwa kiwango cha sasa, na hazipotei mkistaafu. Ukiendelea hadi miaka 67, utakuwa umekaribia au umetimiza yote. Anayedai lazima awe anahitaji msaada katika angalau shughuli tatu za kila siku, kama kuoga, kula, kuvaa au kutembea.

Sitakudanganya kwamba fedha hizo ni nyingi. Utafiti wa bei wa CareScout wa mwaka 2024 uliweka kiwango cha kati cha chumba cha mtu mmoja katika makao ya uuguzi kuwa dola 127,750 kwa mwaka kwa Marekani nzima, na msaidizi wa nyumbani kuwa dola 34 kwa saa, nako kwenu bei ziko juu zaidi. Kwa dola 34 kwa saa, 36,500 inakupa kama saa ishirini kwa wiki kwa mwaka mmoja. Lakini wewe umeiona kazi hii kwa macho yako. Unajua ni wazee wangapi wanaoingia makao kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kuja asubuhi mara nne kwa wiki. Mfuko huo unaweza pia kumlipa ndugu anayekutunza, au kulipia vishikizo vya bafuni na njia mteremko ya kiti cha magurudumu, vitu vidogo vinavyozuia anguko kama la mume wako. Nakusihi, uhakikishe kwamba hukuwahi kuomba kuondolewa. Kabla ya Novemba 2021 watu wengi walikimbilia kukata bima binafsi ili wasamehewe makato, na kwa muda mrefu aliyesamehewa kwa njia hiyo hakuweza kurudi, kwa hiyo kama ni wewe, waulize wenye mfuko masharti ya sasa.

Nije kwa mume wako, na hapa sitazunguka. Wakala alisema kweli: mtu aliyepata kiharusi na tayari anasaidiwa kuoga, kuvaa na kuinuka kitandani hatapata bima binafsi ya matunzo popote. WA Cares nayo haimhusu, kwa kuwa aliacha kazi kabla makato hayajaanza. Medicare mmeshaiona mpaka wake. Baada ya kulazwa hospitalini angalau siku tatu, hulipa makao ya uuguzi siku 20 za kwanza kikamilifu, kisha kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia kila siku. Mwaka 2024 mchango ulikuwa dola 204, na siku sita zenu zinatoa hasa zile 1,224. Hapakuwa na kosa katika bili. Matunzo ya kudumu Medicare hailipi, wala haikuwahi kuahidi.

Lakini mume wako si mtu wa kukatiwa tamaa. Ni mtu wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato na akiba kidogo, ambayo Washington huiita Apple Health, na nadhani mmechelewa kuomba. Watu wetu wengi hulisikia neno hilo kama aibu, eti ni la mafukara. Mlilipa kodi miaka yote hii, ombeni. Kwa matunzo ya muda mrefu, mwombaji mwenyewe haruhusiwi kubaki na zaidi ya dola 2,000, lakini sheria ya shirikisho inamlinda mwenzi anayebaki nyumbani asifukarishwe. Kila jimbo huweka kiwango cha akiba anachoruhusiwa kubaki nacho mwenzi huyo ndani ya mipaka ya shirikisho, ambayo mwaka 2025 ilikuwa kati ya dola 31,584 na dola 157,920. Nyumba haihesabiwi wakati wewe unaishi ndani yake. Huduma zinaweza kutolewa nyumbani, si makaoni pekee, na Washington huwalipa watoto watu wazima wanaowatunza wazazi wao chini ya mpango huo, ingawa mke au mume kwa kawaida halipwi. Binti au mwana mwenye saa chache kwa wiki anaweza kuzifanya akiwa na mshahara.

Na hapa ndipo ushauri wa mwanao unapoweza kuwaumiza bila yeye kukusudia. Kuwapa watoto mali kisha kuomba Medicaid huangaliwa miezi 60 nyuma. Nyumba mliyompa mtoto ndani ya muda huo inaweza kuleta kipindi cha adhabu ambacho baba yake hatalipiwa makao ya uuguzi. Uhamisho kati ya mume na mke haumo katika adhabu hiyo, na ndio unaostahili kuzungumzwa na wakili wa masuala ya wazee. Serikali kweli inaweza kudai fedha zake kutoka kwenye mirathi ya mtu aliyepata huduma hizi akiwa na miaka 55 au zaidi, lakini haiwezi kufanya hivyo wakati mwenzi wake angali hai. Mweleze mwanao kwa upole. Naamini anawaza kulinda jasho lenu.

Kuhusu Moshi sitawasema vibaya ndugu zako, kwa kuwa wanayosema yanatoka moyoni, na kama moyo wako uko huko si mimi wa kukuzuia. Pima tu mambo haya mkiwa mmetulia: malipo ya Social Security raia wa Marekani anaweza kuendelea kuyapata akiishi Tanzania, lakini Medicare hailipi matibabu huko, Medicaid ya Washington itakoma mkihama, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, mtahitaji ruhusa ya serikali ili kuishi katika nchi mliyozaliwa. Tena watoto wa dada zako waulizwe wenyewe, wasisemewe na mama zao.

Kwa wiki hii nakuomba mambo mawili. Piga simu SHIBA, huduma ya bure ya ushauri iliyo chini ya ofisi ya Kamishna wa Bima wa Washington. Washauri wake hawauzi bima, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Wasomee fomu hiyo kabla wakala hajarudi. Kisha wapigie Community Living Connections, uwaambie kwamba unamtunza mume aliyepata kiharusi huku ukifanya kazi ya siku nzima. Wao ndio watakaowaelekeza kwenye tathmini ya Medicaid, na wana mpango wa kuwasaidia watunzaji wa familia, ukiwemo msaidizi wa kukaa na mgonjwa ili wewe upumzike. Sukari yako ya 7.2 haitabaki hapo ikiwa unalala saa nne, unamwinua mume alfajiri, kisha unakwenda kuinua wazee wengine kumi. Ukiongea nao, usianze na habari za mume. Anza na mgongo wako na usingizi wako.

Wakala akija, mrudishie fomu yake ikiwa tupu.

Dada Mshauri